Baruti Katika Fundo la Kitambaa

"Mwalimu, watu milioni sita wote hao, mbona hawakupigana?"

Aliyeuliza alikuwa mvulana wa kidato cha tatu, dawati la nyuma, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana. Hakuuliza kwa dharau. Alikuwa ameinamia daftari lake, tarehe za Vita Kuu ya Pili zimepangwa mstari kwa mstari, na swali lilimtoka kama linavyomtoka mtu aliyeguswa. Nikamjibu kwa haraka kwamba hawakuwa na silaha. Kengele ikagongwa, wakakimbilia foleni ya chakula, nami nikabaki nafuta ubao huku nafsi inanisuta. Nilichosema hakikuwa uongo, ila hakikumfikisha kijana popote.

Katika vipindi vyetu vya historia mada hii, mauaji ya Wayahudi milioni sita chini ya Hitler, hupita upesi. Hitler, chuki, kambi, idadi ya waliokufa, swali la mtihani. Idadi inapokuwa kubwa kiasi hicho watu hupotea ndani yake, na mwanafunzi akibaki na idadi peke yake, lazima ajiulize kwa nini kundi kubwa vile lilikwenda tu. Kwa hiyo nimeandika hapa jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile. Jibu lenyewe ni la wasichana wanne na kijiko cha chai cha baruti.

Wa kwanza ni Róża Robota. Alizaliwa mwaka 1921 Ciechanów, mji mdogo wa Poland ulioko kaskazini mwa Warsaw. Ujana wake aliupitisha katika Hashomer Hatzair, jumuiya ya vijana wa Kiyahudi waliokuwa wakikutana, wakiimba, wakitembea porini kama maskauti na kuota maisha mapya Palestina. Wajerumani waliivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939. Wayahudi wa Ciechanów wakabanwa katika geto, yaani mtaa waliofungiwa pamoja kwa nguvu. Novemba 1942 wakapakiwa kwenye treni na kupelekwa Auschwitz, kambi kubwa ya mauaji ya Wajerumani.

Treni ilipofika, watu walipangwa mistari na kuchaguliwa. Wazee, watoto, akina mama wenye watoto, wagonjwa na wengi wengine ambao hawakuwa na ila yoyote walipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi. Vijana wenye nguvu waliachwa wafanye kazi hadi waishiwe. Familia ya Róża ilienda upande wa gesi. Yeye akaachwa, akapangiwa ghala la nguo Birkenau, sehemu kubwa zaidi ya kambi ile.

Hebu fikiria kazi hiyo. Nguo zilikuwa za watu walioshushwa kwenye treni. Koti lenye jina la mwenyewe limeshonwa ndani ya kola, viatu vya mtoto vimefungwa pamoja kwa kamba zake visipotezane. Wafungwa walizipanga, zikafungwa mafurushi, zikapelekwa Ujerumani. Na kutoka kwenye maghala yale mabomba ya moshi ya matanuri yalionekana, hayakuwa mbali hata kidogo.

Matanuri makubwa ya kuchomea maiti Birkenau yalikuwa manne, kila moja likiwa na chumba chake cha gesi. Watu wapatao milioni 1.1 waliuawa Auschwitz, na karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi. Kati ya Mei 15 na Julai 9, 1944 pekee, Wayahudi takriban 437,000 waliondolewa Hungary kwa treni, wengi wao wakaishia hapo. Kazi ya kuwatoa marehemu kwenye vyumba vya gesi, kuwang'oa meno ya dhahabu na kuwatia motoni walilazimishwa kuifanya wafungwa wa Kiyahudi. Wajerumani walikiita kikosi chao Sonderkommando, kikosi maalum. Walitengwa na wafungwa wengine, na walijua vizuri mwisho wao: aliyeona kila kitu haachwi akaja kusimulia. Wapo walioandika kwa siri waliyoyaona na kuyafukia ardhini karibu na matanuri. Mmoja wao, Zalmen Gradowski, alikufa siku ya uasi nitakaoufikia, na maandishi yake yakafukuliwa baada ya vita.

Wanaume hao walitaka kupigana. Walichokosa ni kitu cha kupigana nacho.

Baruti ilikuwepo, tena nyingi, mikononi mwa wanawake. Kando ya kambi kuu kulikuwa na kiwanda cha Weichsel-Union-Metallwerke kilichotengeneza viwashio vya makombora ya mizinga kwa ajili ya jeshi la Ujerumani. Mamia ya wafungwa wanawake walifanya kazi humo, zamu ya mchana na zamu ya usiku. Ndani ya kiwanda palikuwa na chumba kimoja tu cha baruti, na walioruhusiwa kuingia humo walikuwa wachache. Baruti ilishindiliwa kwa mashine ikawa vidonge vya kijivu, bapa na mviringo, mithili ya kete za drafti.

Katika harakati za siri za kambini alikuwepo kijana aliyeitwa Noah Zabludowicz. Alitoka Ciechanów, alimjua Róża tangu nyumbani. Ndiye aliyemwendea na kumuuliza kama angeweza kupata wasichana wa kiwandani watakaotoa baruti. Róża hakuhitaji kubembelezwa. Yeye mwenyewe hakufanya kazi kiwandani, lakini ghala lake lilimweka mahali ambapo wanaume wa Sonderkommando waliweza kufikiwa. Akawa kiungo. Upande mmoja wasichana wa kiwandani, upande wa pili wanaume wa matanurini, katikati Róża.

Ndani ya chumba cha baruti walikuwemo Regina Safirsztajn, aliyekuwa msimamizi wa wafungwa wenzake humo, na Estera Wajcblum wa Warsaw. Nje ya chumba, katika kiwanda hichohicho, alikuwepo Ala Gertner wa Będzin, aliyewazidi wote umri. Alikuwa amezaliwa mwaka 1912, mwanamke aliyeolewa ndani ya geto mwaka 1943 wakati harusi ilikuwa ni kumwambia mtu nitakufa nikiwa wako. Kabla ya Auschwitz aliwahi kufungwa katika kambi ya kazi, na humo akafanya urafiki na msichana mmoja, Sala Garncarz. Barua alizomwandikia Sala zilifichwa zikapona, na leo zimehifadhiwa katika maktaba kuu ya umma ya New York. Ndani yake utamkuta mwanamke mchangamfu anayemlea rafiki mdogo kwa maneno.

Estera alikuwa na mdogo wake, Hana, ambaye mwaka 1944 alikuwa binti wa miaka 15. Wazazi wao, Jakub na Rebeka, walikuwa viziwi. Nikiwaza habari zao ninaganda kwenye jambo hilo, pengine kwa sababu mtaani kwetu nilikulia jirani na mama kiziwi, na ninakumbuka jinsi watoto wake walivyokuwa masikio yake sokoni, hospitalini, hata usiku mbwa wakibweka. Mabinti wa nyumba ya namna hiyo hukomaa mapema. Familia ilinaswa Warsaw mwaka 1943 baada ya maasi ya geto, ikapelekwa kambi ya Majdanek. Wazazi wakauawa huko. Dada wawili wakahamishiwa Auschwitz, wakiwa hawana mtu mwingine ila wao kwa wao.

Hana aliishi hadi uzeeni, na ndiye aliyesimulia kazi ilivyofanyika. Ndani ya chumba cha baruti Estera alikusanya unga kidogo, akaufunga kwenye kipande cha kitambaa, akakificha chini ya takataka ndani ya kisanduku cha chuma. Hana alikuwa na ruhusa ya kuzunguka kiwandani akibeba vifaa, basi alipita, akaweka kisanduku kitupu, akachukua kile chenye takataka. Kisha akaenda chooni na mwenzake mmoja, mara nyingi Ala. Humo wakagawana, wakaficha vifundo mwilini, ndani ya nguo, wakarudi kazini na nyuso zilezile. Kwa siku nzima wangeweza kupata kijiko kimoja cha chai, siku ya heri viwili au vitatu.

Jioni kulikuwa na safari ya kurudi kambini, na langoni askari wa SS, kikosi cha Hitler kilichoendesha kambi, waliweza kuamua kuwapekua. Habari za upekuzi zilipopita kwenye mstari, wenye vifundo walivifungua palepale, wakimwaga unga chini na kuusugua kwa mguu upotelee kwenye matope. Kazi ya siku nzima ikaisha hivyo. Kesho yake wakaanza upya.

Bibi yangu hakuwahi kuwa na pochi. Fedha yake yote ilikaa kwenye pindo la kanga, kona imekunjwa, ikaviringishwa, ikafungwa fundo dogo gumu na kuchomekwa kiunoni. Aliweza kulifungua bila kuangalia, huku anaongea na muuza samaki, akatoa sarafu anayoitaka na kulifunga tena. Niliposoma habari za vifundo vya baruti, vidole vya Bibi ndivyo nilivyoviona.

Juzi usiku, watoto wamelala, nilichukua kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga iliyosagwa, maana rangi yake inakaribiana na ya baruti. Nikaifunga kwenye kona ya kitambaa cha kichwa, nikakichomeka ndani ya nguo. Kijiko kimoja ni kidogo sana, lakini kifundo chake mwili unakihisi kila ukipumua. Nikasimama wima katikati ya jiko nikajaribu kukifungua kwa mkono mmoja, macho mbele, kana kwamba mtu ananijia kutoka mwanzo wa mstari. Mara ya kwanza fundo lilizidi kukaza. Mara ya nne ndipo likaachia, pilipili ikamwagika sakafuni, nikaisugua kwa kandambili mpaka isionekane. Harufu ilibaki hadi asubuhi. Nami nilikuwa nimeshiba, nimevaa nguo kavu, mlango nimeufunga kwa komeo.

Wao walikuwa na njaa. Walikuwa wanatetemeka kwa baridi ambayo ingeweza kudhaniwa ni hofu, au kwa hofu ambayo ilibidi ionekane ni baridi. Na kila fundo lililopita langoni lilihitaji watu kadhaa kunyamaza: aliyechota, aliyebeba, aliyegawana, aliyeona kwa bahati mbaya akageuza uso. Mmoja tu akivunjika, wote wamekwisha. Walifanya hivyo kwa miezi.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyolelewa. Kibaba hiki hakikujaa. Baruti ilimfikia Róża, ikapita kwa wanaume wa Sonderkommando, na huko mfungwa wa kivita wa Kisovieti aliyekuwa na ufundi wa vilipuzi aliitia kwenye makopo matupu kutengeneza maguruneti ya mkono. Lakini mpango mkubwa, ule wa kambi nzima kuinuka kwa pamoja, uliahirishwa tena na tena. Viongozi wa harakati za siri katika kambi kuu, wengi wao wafungwa wa kisiasa wa Poland na Austria, walitaka kusubiri. Jeshi la Kisovieti lilikuwa linasogea kutoka mashariki, na mtu aliye na tumaini la kuwaona wakombozi hana haraka ya kujitoa roho. Ninawaelewa. Hata hivyo kusubiri kwao kulikuwa kwa mtu mwenye nafasi ya kupona. Wale wa matanurini kila wiki iliyopita iliwasogeza kwenye zamu yao. Treni za Hungary zilipokoma, kikosi kikawa kikubwa kuliko kazi iliyobaki, na Septemba 1944 wanaume 200 walitolewa wakauawa. Mwanzoni mwa Oktoba wakatakiwa wengine 300.

Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 1944, mchana, wanaume waliokuwa wamepangwa mstari katika uwanja wa Tanuri la 4 wachaguliwe waliwarukia askari kwa mawe, mashoka na nyundo. Wakalitia jengo moto. Wenzao wa Tanuri la 2 walipouona moshi wakajua kumeanza, wakamtupa motoni kiongozi wa Kijerumani aliyekuwa akiwatesa, wakakata waya wa uzio na kukimbia. Walifika hadi kijiji cha Rajsko, wakajificha ghalani. SS wakalizingira ghala na kulichoma. Hadi jioni wanaume kama 250 walikuwa wamekufa wakipigana, na wengine 200 wakapigwa risasi baada ya mapambano hayo kwisha. Askari watatu wa SS waliuawa.

Tanuri la 4 halikufanya kazi tena. Lilibomolewa, na leo mahali lilipokuwa ni alama ya matofali ardhini, katikati ya miti yenye magome meupe iliyoipa Birkenau jina lake.

Kuna jambo moja ambalo nikilitafakari linaniumiza kuliko vita yenyewe. Kati ya wanawake waliotoa baruti hakuna hata mmoja aliyeshiriki siku hiyo. Hawakuambiwa saa. Hawakujua kama ni leo. Waliona moshi kama walivyouona wengine, na pengine ilichukua muda kutambua kwamba safari hii kinachoungua ni tanuri lenyewe. Lakini hesabu ilipokuja kudaiwa, ilidaiwa kwao.

SS walichunguza baruti ilikotoka, na njia iliwapeleka kiwanda cha Union. Wanawake wakakamatwa, wakapigwa, wakaachiwa, wakakamatwa tena. Hatimaye waliwekwa ndani wanne: Estera, Regina, Ala na Róża. Walipelekwa Bloku 11, jengo la kambi kuu lenye seli chini ya ardhi, mahali ambapo kila mfungwa alilijua jina lake na hakutaka kulitaja.

Wakuu wa SS walitaka majina, na Róża alikuwa nayo. Alimjua Noah, aliwajua wengine wa harakati, na alijua fundo linaanzia wapi na linaishia wapi. Angetamka jina moja la mtu aliye hai, mnyororo mzima ungevutwa. Alitaja wanaume wa Sonderkommando aliojua tayari wamekufa.

Wenzake walioko nje hawakulijua hilo. Walisubiri kukamatwa, siku ya kwanza, ya pili, wiki. Noah akaamua kwenda kumwona. Msimamizi wa seli za Bloku 11 alikuwa mfungwa wa Kiyahudi, jitu la miraba minne aliyeitwa Jakub Kozelczik. Jakub alimlevya mlinzi wa SS, akachukua funguo, akamshusha Noah chini gizani. Noah alisimulia baada ya vita kwamba hakumtambua. Kwenye sakafu ya saruji palikuwa na rundo la matambara, na rundo hilo ndilo Róża. Alipopata nguvu ya kusema, alimweleza jinsi walivyomtesa, akamhakikishia kuwa hakutaja mtu na hatataja. Wasiogope, waendelee na kazi. Kufa si rahisi, lakini yeye alijua anakufa kwa ajili ya nini.

Akaandika na kijibarua kwa wenzake. Alimalizia kwa salamu ya jumuiya ya ujana wake, ile waliyokuwa wakiagana nayo kila mkutano Ciechanów: *Hazak ve'ematz*.

Maneno hayo mimi na wewe tunayajua, ila kwa lugha yetu. Ni yale ya mwanzo wa kitabu cha Yoshua, "uwe hodari na moyo wa ushujaa." Nimeyasikia msibani, nimeyaona yameandikwa kwenye vioo vya daladala, mama yangu aliyanukuu kwenye kadi aliyonipa nilipokwenda chuo. Niliyazoea hadi yakawa kama mapambo. Sasa nikiyaona nakumbuka yaliandikwa na mtu aliyepigwa hadi rafiki yake akamdhania matambara.

Tarehe 6 Januari 1945 wanawake wote wanne walinyongwa. Wawili mbele ya wafanyakazi wa zamu moja, wawili mbele ya zamu nyingine, ili kila mwanamke wa Union aone. Walioshuhudia walisimulia kwamba Róża alipaza sauti kwa neno la Kiebrania, *nekama*, kisasi. Estera alikuwa na miaka 20, zimebaki siku kumi atimize 21. Zilibaki pia siku 21 jeshi la Kisovieti liingie kambini. Kwa mbali mizinga ilikuwa imeanza kusikika. SS walikuwa wanachoma nyaraka zao, wanajiandaa kukimbia, na bado waliona ni muhimu kupata muda, mbao na kamba kwa ajili ya wanawake wanne.

Yote haya niliyasimulia darasani wiki iliyofuata. Mada ilikuwa imeshapita, tulipaswa kuwa kwenye Umoja wa Mataifa, lakini niliomba wafunge vitabu. Nilichora ubaoni kiwanda, ghala na tanuri, nikaunganisha kwa mstari wa chaki. Nilipitisha kijiko cha chai dawati hadi dawati, kitupu, wakishike tu. Kilizunguka polepole. Msichana mmoja alikiangalia muda mrefu, akakipokeza jirani yake kwa mikono miwili.

Yule kijana wa nyuma alinyoosha mkono. Nilijua ataniuliza kama ilifaa kitu, watu wengi hivyo kufa kwa tanuri moja. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumwambia kwamba mpaka leo nalibeba swali hilo, na kwamba kila nikipiga hesabu najikuta naiacha, kwa sababu wale wanaume 300 wangeuawa siku hiyohiyo hata wangesimama kimya.

Lakini hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Na yule mdogo wake, Mwalimu?"

Basi nikamweleza. Siku ya kunyongwa, wenzake walimzuia Hana ndani ya bloku asitoke kuona. Alisikia ngoma, kisha mguno wa maelfu ya watu kwa pamoja. Kabla ya hapo Estera alikuwa amefanikiwa kupenyeza barua kutoka seli yake. Moja ilikuwa ya Hana. Nyingine ilikuwa ya rafiki yao wa kambini, Marta. Humo Estera hakujililia. Alisema anajua kinachomsubiri, akaomba jambo moja tu: Marta amtunze Hana, asimwache, ili yeye afe kwa nafuu.

Hana aliishi. Baada ya vita alipitia Ubelgiji, akaenda Israeli, akahamia Kanada na kuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii Ottawa. Alihangaika miaka mingi ili majina ya wale wanne yawekwe mahali, na mwaka 1991 mnara wao ukazinduliwa Yad Vashem, kituo cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, Yerusalemu. Alifariki mwaka 2011.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mwaka ule wa 1945, zikiwa zimepita siku 12 tu tangu Estera anyongwe, SS waliwatoa makumi ya maelfu ya wafungwa kambini na kuwaswaga magharibi kwa miguu, usiku, kwenye theluji. Aliyeanguka alipigwa risasi palepale alipoangukia. Hana alikuwa na miaka 16, hana baba, hana mama, hana dada. Ubavuni pake alitembea Marta.